Kummalizia Guka Sentensi

Kwetu Kiritiri, ukisikia mwanamume mzima mwenye ndevu anajibu kwa sauti katikati ya soko kama mtoto wa darasa la tatu, jua guka wangu, yaani babu yangu, yuko karibu. Guka anaweza kukutana na dereva wa lori la mchanga, amsalimie, amuulize habari ya mamake, halafu aseme, "Na mvua ikitunyima mwaka huu, sisi tutapanda mta...?" Anaachia hapo. Anainua nyusi na kungoja. Dereva, na miwani yake ya jua na sigara yake, anajibu, "Ma!" Halafu anaangalia kando kuona kama utingo wake amemcheka. Hajamcheka. Utingo naye amejibu.

Hivyo ndivyo guka alivyofundisha tangu alipokuja hapa, na kulikuwa na sababu. Alikuwa kijana wa Manyatta, kwa watu wa kahawa na mvua, akaambiwa amepangiwa shule ya Kiritiri. Majirani walikuja kumpa pole kama mtu aliyefiwa. Alifika na sanduku la mbao, akakuta shule ya kuta za udongo ambamo ni chumba kimoja tu kilichokuwa na paa la mabati, chumba cha darasa la nne. Vitabu vya wanafunzi havikuwepo. Kitabu kilikuwa kimoja, chake.

"Sasa kama sentensi naimaliza mimi," aliniambia siku moja tukipepeta ndengu, "mtoto ataenda nyumbani na nini? Lakini ukimwachia nusu, hiyo nusu inakuwa yake. Atatembea nayo akichunga mbu...?"

Nilitikisa kichwa tu.

"Zi," akamalizia mwenyewe.

Kanisa nalo lilianzia chumba hichohicho cha mabati, kwa kuwa Jumapili hakikuwa na kazi. Kasisi alikuwa mmoja kwa makanisa mengi na alifika kwa pikipiki barabara ikikubali. Kwa hivyo guka akafanywa msomaji, yaani mtu ambaye si kasisi lakini ameruhusiwa kuongoza ibada na kuhubiri. Alihubiri na chaki mkononi, na mpaka juzi hakujua kuhubiri vingine. "Yona akapanda meli kwenda Tarshi...?" "Shi!" "Akamezwa na sama...?" "Ki!" Karibu waumini wote ni yeye aliyewafundisha kusoma: chifu, nesi wa zahanati, wenye maduka, wenye mbuzi, vijana wa bodaboda wanaoingia kanisani na muguka, yale majani ya kutafuna, umefichwa mfukoni. Hakuna anayethubutu kusinzia. Ukisinzia anakuita kwa jina na kukuuliza Yona alitapikwa siku ya ta...?

Watu hawampendi kwa mahubiri peke yake. Zamani mtoto akikosa shule, guka alimfuata kwao Ijumaa jioni, kwa miguu, hata ng'ambo ya mto uliokauka. Wazee wenye mvi wamenisimulia walivyokuwa wakiona kofia yake inapanda kilima na wao wanakimbia kutafuta kaptura ya shule. Alipofika hakugomba. Aliketi, akanywa uji, akaombea mbuzi wa boma hilo, akaaga. Jumatatu mtoto alikuwa darasani.

Mimi naishi naye tangu nilipoingia kidato cha kwanza. Wazazi wangu wako Kibugu, juu kwenye chai na ukungu, ambako baba anafanya kazi kiwandani. Cucu, mke wa guka, alikuwa ameaga dunia mwaka uliotangulia, na kwa desturi yetu mimi ndiye cucu, maana msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake. Ndiyo maana guka hajawahi kuniita kwa jina langu. Ananiita mke wangu. "Mke wangu, umefungia kuku?" "Mke wangu, hii chai ni ya mgonjwa, ongeza majani." Wasichana wa darasa letu walipomsikia mara ya kwanza walicheka wakashikilia ukuta. "Ati bibi ya Mwalimu!" Niliingiza kichwa kwenye begi kama mtu anayetafuta kalamu, na nikakaa humo.

Mimi si mtu wa kuongea. Silalamiki, ndivyo nilivyo, na mengi nayaandika nikifika nyumbani. Lakini kuna neno moja ambalo limenishinda kuliko yote nalo ni jina langu. Mwalimu mgeni akiniuliza naitwa nani, linatoka kama pumzi ya mtu anayepuliza chai. Kanisani, watu wote wakimmalizia guka sentensi, mimi nilikuwa nachezesha midomo tu. Guka alijua. "Kichwa cha mke wangu kinajibu vizuri sana," aliwaambia wageni. "Mdomo uko njiani."

Mwanzo wa mwaka huu ndipo nilianza kuona kitu.

"Mke wangu, niletee ile ya kuchujia chai. Tunaiita...?"

Nikamletea kichungi. "Vizuri," akasema. Siku nyingine kilikuwa kifuniko cha sufuria. Siku nyingine ilikuwa ile siku inayokuja baada ya Jumanne. Nilidhani ananivuta niongee, na nilikasirika kidogo, kwa sababu nilifikiri amechoka na mimi jinsi nilivyo. Nilikuwa namletea vitu bila kuvitaja, kwa makusudi.

Mwenye bucha karibu na steji ni Mwislamu, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na yeye pia alisoma kwa guka. Jumamosi moja aliniita nikipita.

"Bibi ya Mwalimu, njoo. Nyama mmeshapika?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Haya. Mwalimu alinunua asubuhi. Mchana akarudi kununua. Sasa hivi ametoka hapa tena. Nimemwambia mzani umeharibika." Akafuta kisu kwenye aproni. "Na usimwambie nimemdanganya, atanipa adhabu nifagie uwanja."

Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki.

"Mimi nilikaa dawati la pili na kofia yangu kichwani," akasema. "Musa akavuka Bahari ya Sha...? Mimi nilikuwa wa kwanza kujibu, maana Musa hata sisi tuko naye. Huyo mzee alikuwa na majina yetu yote kichwani, na ya mama zetu, na ya mbuzi. Wewe ndiye uko naye kwa nyumba. Mwangalie vizuri, mama."

Jioni hiyo guka aliomba kabla ya kula, kama kawaida. Aliombea mvua. Aliombea baba na mama huko kwenye baridi. "Na umbariki huyu mtoto aliyebeba jina la mke wangu," akasema, "naye mke wangu aliitwa...?"

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Nikafungua jicho moja. Yake yalikuwa yamefumbwa na nyusi ameziinua, vile anavyongoja darasa. Githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa inatoa mvuke katikati yetu. Nyusi zikashuka, zikapanda tena. Hapo nikajua hakuwa ananivuta niongee. Alikuwa anauliza.

Nikalitaja jina la cucu, ambalo ni langu, polepole, nikiangalia sahani.

"Amina," akasema haraka, na hakuwa amefika mwisho wa maombi.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Nililoliona ni kwamba Kiritiri nzima haingeweza kugundua. Watu ambao wamekumalizia sentensi tangu wakiwa na meno ya utoto watajuaje ni ipi umewaachia na ni ipi imekutoroka? Yeye mwenyewe akisimama mbele akauliza, kanisa linajibu, anapita, anaendelea. Ni mwenye bucha tu aliyeona, kwa sababu ya nyama, na mimi, kwa sababu mimi sijibu.

Halafu baba akaja kutoka Kibugu na kabeji na nduma. Guka alimuuliza kama ng'ombe amezaa. Baba akasema amezaa, ndama jike. Wakanywa chai. Guka akamuuliza kama ng'ombe amezaa. Baba akajibu. Tulipokuwa tunamenya nduma guka akauliza mara nyingine, kwa furaha ileile, na baba akaniita nje kando ya tangi.

"Hii imeanza lini?"

Nikainua mabega.

"Ongea basi, mimi si askari."

"Si zamani sana," nikasema.

Baba aliangalia tangi kama ndilo lililosema. "Askofu akija kutoa kipaimara, Mwalimu ndiye amepewa kusimulia historia ya kanisa mbele ya watu wote." Baba naye humwita Mwalimu wakati mwingine, alisoma kwake kama wengine. "Nitakuja nione. Akipotea pale mbele, simwachi aaibike kila Jumapili. Namhamishia Kibugu. Nafasi iko, moto uko, mama yako yuko."

Guka alikuwa dirishani. Macho yake ni mazito lakini masikio ni ya mtu aliyelea madarasa. Baba alipoondoka, akaniambia, "Kibugu ni kuzuri. Chai yao ni nzuri, watu wao ni wazuri. Lakini sikufundisha mtu huko. Nikianza neno nikaliacha katikati, nani atalimaliza? Ndama?"

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amemkumbuka ndama.

Basi tulikuwa na kazi. Kila jioni baada ya shule alinisimulia historia ya kanisa huku mimi nikipika, na kila jioni aliiweza, vizuri kuliko kitabu, mpaka pale inapomfikia cucu. Cucu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Hapo guka aliinua nyusi. Siku nyingine jina lilikuja lenyewe, akalitamka kama mtu aliyeokota shilingi. Siku nyingine nililisema mimi. Nilimwambia, kwa maneno machache niwezayo, kwamba hiyo sehemu anaweza kuiruka.

"Nimwache nje?" akasema. "Hilo kanisa alilifagia kabla halijakuwa kanisa."

Niliandika jina kwenye kikaratasi nikakitia ndani ya Biblia yake. Asubuhi alikitoa akanirudishia mkononi bila hasira. "Mwalimu hasomi jibu mbele ya darasa, mke wangu."

"Na likikupotea?"

"Nitauliza. Si ndiyo kazi ya darasa?"

Hivyo nikajua kwamba alijua. Alikuwa amejua kabla ya baba, kabla ya mwenye bucha, na alikuwa ameshapanga atakavyoishi nalo.

Kitu ambacho hakukipanga ni mwenyekiti wa kanisa. Sisi watoto wa kipaimara na kwaya tuliitwa Jumamosi kufanya mazoezi, na wazee wa kanisa na akina mama nao wakawa wamejaa kupanga viti. Mazoezi yangu yalikwenda vibaya. Kila mmoja alitakiwa kutaja jina lake kwa sauti, maana askofu angemuuliza kabla ya kumwekea mikono. Nilipotaja langu, mwenyekiti aliweka mkono sikioni. "Askofu haelewi lugha ya vifaranga. Tena!" Nikataja tena. Watu wakacheka, si kwa ubaya.

Halafu akapanda jukwaani. "Na nyinyi wazazi, nisikilizeni. Kesho tuna mgeni kutoka makao makuu. Mwalimu atasimama aseme yake. Ile mambo ya kujibujibu, Yona na sama-ki, sama-ki, kesho hapana. Tutaonekana watoto wa nasari. Tukae kimya kama kanisa la mjini. Tumeelewana?"

"Ndiyo mwalimu!" watu wakajibu, halafu wakaangua kicheko, na mwenyekiti mwenyewe akacheka. Lakini alimaanisha.

Nilikwenda nyumbani mbio nikamwambia guka, maneno yote, bila kupumzika. Nadhani hajawahi kunisikia nikisema mengi hivyo. Alikuwa anapaka viatu rangi.

"Watu hawa? Wanyamaze?" akasema. "Niliwafundisha mimi. Midomo yao naijua. Hawawezi."

Waliweza.

Siku ya askofu kulikuwa na hema uani, sufuria za nyama ya mbuzi nyuma ya kanisa, na mwenye bucha pale nyuma mikono imekunjwa, kwa sababu alikataa mtu mwingine akate nyama ya siku ya Mwalimu. Sisi wa kipaimara tulikaa mbele na nguo nyeupe. Baba alikuwa benchi la pili, upande wa wanaume, ameweka mikono magotini.

Guka alisimama na kanzu yake nyeupe na ile skafu ya buluu ya wasomaji. Hakuwa na karatasi.

"Bwana Askofu," akaanza, "kanisa hili lilizaliwa ndani ya chumba cha darasa la...?"

Kimya. Nyanya mmoja huko nyuma alisema "Nne!" halafu nikamsikia akifinywa. Mwenyekiti alikuwa mlangoni akipitisha macho juu ya vichwa vyetu kama prifekti.

Guka akatabasamu. "La nne," akasema mwenyewe. "Nacho kilikuwa na paa la maba...?"

Kimya. Chifu alikuwa amejifunika mdomo na leso. Mama mmoja alikuwa ameuma kidole, kabisa.

"Ti," guka akasema. Sauti ilikuwa imepungua. Aliangalia watu wake upande huu na upande ule, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta viti vyote vimehamishwa. Uso huo sikuwa nimewahi kuuona. Nilimwona baba akishusha kichwa.

Lakini guka si mtu wa kuanguka mara moja. Akashika meza. "Siku ya kwanza tulikuwa watu wachache na mbuzi mmoja aliyejiingiza mwenyewe," akasema. Askofu akacheka, na watu wakapata ruhusa ya kucheka, na guka akapata nguvu. "Sakafu ilikuwa vumbi tupu. Mwalimu wa darasa la kwanza alifika kabla yetu, akanyunyiza maji, akafagia. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa mtu mnyamavu, hungemsikia akiingia. Huyo mwalimu baadaye alikubali kuwa mke wangu. Naye aliitwa...?"

Nyusi zikapanda.

Kila mtu mle ndani alijua. Cucu alizika nao, alilima nao, aliwafundisha kushika kalamu kabla hawajafika kwa guka. Jina lilikuwa kwenye midomo yote na midomo yote ilikuwa imefungwa kwa adabu. Nyusi zikashuka. Zikapanda tena. Mkono wake ukaanza kupapasa meza, pale ambapo kungekuwa na karatasi. Baba akainua kichwa na kuweka mguu mmoja mbele, kama mtu anayetaka kwenda kumshika mzee mkono amwondoe.

Nikalisema jina.

Lilitoka kama kupuliza chai. Msichana wa kando yangu peke yake ndiye aliyegeuka.

"Nasikia mtu," guka akasema. "Mkono uko wapi?"

Nikainua mkono.

"Wewe, mwenye nguo nyeupe. Simama."

Sote tulikuwa na nguo nyeupe. Nilisimama mimi.

"Sema, watu wa nyuma wasikie. Na unipe sentensi kamili."

Nilitamani kumwambia, guka, si leo. Lakini nyusi zilikuwa juu, zikiningoja, na nilijua zikishuka mara hii baba atasimama.

"Mwalimu wa darasa la kwanza," nikasema, "aliyefagia kanisa kabla halijakuwa kanisa, aliitwa..." na nikalitaja jina lake, na langu, lote, mpaka nikalisikia limegonga paa na kurudi.

Guka alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, uso wake ulikuwa umerudi. "Sahihi kabisa," akasema. "Mpigieni makofi ya shule."

Makofi ya shule kwetu ni matatu na kishindo cha mguu. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza. Sidhani alikusudia, mikono yake ilimtii mwalimu wake kabla yake. Kanisa zima likapiga. Askofu akapiga, akachelewa kishindo, akapiga kishindo peke yake. Huko nje kwenye sufuria nikamsikia mwenye bucha naye akipiga, bila kujua ni ya nini.

"Na baada ya udongo," guka akasema, "tukajenga kwa ma...?"

"WE!" kanisa likaitika, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka habari ya kanisa la mjini.

Askofu aliponifikia na kuniwekea mikono, hakuniuliza jina. "Wewe nimekusikia," akasema, na akalitaja mwenyewe.

Wakati wa chakula baba alikuja na sahani yake mahali guka alipokaa. Alikuwa na furaha. "Mwalimu, umetuweza," akasema. "Hata nilidhani umekwama pale kwa mama, kumbe unamtafutia huyu msichana nafasi ya kuongea."

Ingeweza kuishia hapo. Baba alikuwa ameshaamini, na mimi nilikuwa tayari kunyamaza, kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua. Lakini guka akaweka mfupa chini.

"Nilikwama," akasema.

Baba akaacha kutafuna.

"Jina la mama yako linaenda na kurudi. Leo lilikuwa limeenda. Na mengine pia yanaenda, majina ya vyombo, siku. Nataka ulisikie kutoka kwangu, usilisikie kwa bucha."

"Jina la mama, baba?" Hakusema Mwalimu. Alisema baba, kama mtoto.

"La mama yako. Sura naiona. Mikono naiona. Jina ndilo linatoka nje kutembea." Akanielekezea kidevu. "Sasa nisikilize. Mahubiri nitayaacha mwenyewe, kabla mtu hajaniambia. Yule kijana aliyetoka chuo cha biblia achukue, ni wakati wake. Watoto wa Jumamosi nitaendelea nao, maana kwa mtoto maswali yangu ni yaleyale. Lakini Kibugu usinipeleke. Hapa nikitoka nje nikasahau njia, nikiuliza nyumba yangu iko wa...? nani atashindwa kunijibu?"

"Pi," baba akasema, kidogo, na akacheka na macho yana maji.

"Umeona? Hata wewe."

Baba hakukubali saa hiyohiyo. Alizunguka, akaongea na kasisi, akaongea na mwenye bucha kwa muda mrefu kuliko nyama inavyohitaji. Alipokuja kuniaga aliniuliza kama nitaweza, na masomo ya kidato cha nne yanakuja.

"Nitaweza," nikasema, na nilisema akasikia. Mwenye bucha aliyekuwa anapita na ndoo akaongeza kwamba mzani wake utaharibika kila siku ikibidi. Hivyo guka akabaki Kiritiri.

Mimi sijageuka kuwa mtu mwingine. Shuleni bado nikijua jibu nangoja mtu mwingine alijue pia. Lakini nyumbani nimeacha kuleta vitu kimyakimya. Guka akisema tunaiita, nasema kichungi, nasema mwiko, nasema Jumatano, na yeye anasema vizuri, na siku nyingine jina la cucu analileta mwenyewe bila kuulizwa, ananiita nalo, na mimi naitika kwa ajili yetu sote wawili.

Jumapili iliyopita yule kijana wa chuo cha biblia alihubiri mara ya kwanza. Anahubiri vizuri, kwa karatasi, na anamaliza sentensi zake zote. Guka alikuwa benchi la mbele kando yangu, na skafu yake ya buluu imekunjwa mfukoni. Kijana akafika kwa Eliya jangwani, akasema, "Na Bwana akawaamuru wale ndege wamletee mkate na...", akanyamaza kidogo ili ageuze ukurasa.

"Nyama!" guka akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekaa dawati la kwanza.

Kijana akainua macho, ukurasa mkononi. Kanisa zima likamwangalia, likingoja kuona kama anajua kinachofuata.

"Sahihi," akasema.

Na sisi tukapiga makofi ya shule.